Bakteria wa Kutupa Mimba

Ng'ombe au mbuzi akitupa mimba, huenda ana bakteria waitwao brusela. Wafugaji wa Bagamoyo wanapaswa kuwajua. Bakteria wa mbuzi hawakuonwa kwanza katika mbuzi: mwaka 1887, kisiwani Malta, daktari David Bruce aliwakuta katika miili ya askari waliokufa kwa homa. Wale wa ng'ombe waligunduliwa na Bernhard Bang, nchini Denmark, mwaka 1897. Je, wana udugu? Mwaka 1918 Alice Evans wa Marekani aliwalinganisha, akaona wanafanana sana. Siku hizi chembe zao za urithi zimechunguzwa: ni ndugu wa karibu mno. Hata hivyo wangali na majina mbalimbali, kwani wale wa mbuzi humdhuru mtu zaidi. Wote huambukiza kwa maziwa mabichi. Wote hufa maziwa yakichemshwa.