Kiyoyozi cha gari kikisumbua, usikimbilie gesi

KWA waliorejea makwao na wafanyabiashara wa mpakani, kutoka Mocímboa da Praia hadi Palma, kiyoyozi cha gari si anasa. Joto la Desemba hadi Machi lina unyevu unaochosha dereva. Lakini kiyoyozi kikianza kupoza na kuacha, wengi huongeza gesi, hulipa, na baada ya muda mfupi hurudi gereji na lalamiko lile lile.

Ndugu msomaji, gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka humo humo ndani ya mabomba. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja. Hata hivyo, si kila kiyoyozi kinachosumbua kimepungukiwa gesi. Angalia kwanza kinakataa wakati gani.

Kikipoza gari likiwa mwendoni na kutoa joto linaposubiri zamu pale Namoto, shuku feni au kondensa iliyo mbele ya rejeta. Gari likitembea, upepo wa njiani huisaidia feni mbovu. Osha vumbi la kondensa kwa maji yasiyo na nguvu, injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Kikianza vizuri, kisha upepo ukapungua, huenda barafu imeganda ndani. Zima kitufe cha baridi, acha feni ipulize dakika 10. Upepo ukirudi, kagua kichujio cha hewa. Gesi pungufu nayo huleta barafu.

Kompresa ikinasa na kuachia kila sekunde chache, gesi yaweza kuwa imepungua. Ikiachia injini ikipata moto na kunasa ikipoa, fundi apime klachi na rilei yake.

Walioacha magari baada ya shambulio la Palma la Machi 2021 waangalie zaidi. Kompresa isipozunguka miezi mingi, sili hukauka na gesi hutoka polepole. Chumvi ya bahari nayo hula kondensa.

Kabla ya kujaza, fundi atafute uvujaji. Asome pia kibandiko chini ya boneti: gari la R134a halijazwi gesi nyingine. Gesi ya kupikia usiikubali kabisa, kwani huwaka.

Gesi ndiyo inayobeba mafuta ya kulainisha kompresa. Ukipuuza sili ya bei ndogo, utanunua kompresa nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.