Kula Dubai bila kumaliza feza ya biashara

Wamama wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanapanda ndege kwenda Dubai kununua vitu vya kuuzisha. Mara nyingi feza wanayobeba ni jasho la baba kule mugodi. Sasa tumbo lisikule mtaji.

Dola moja ni dirhamu 3,67. Basi dola 20 ni dirhamu 73 tu, na katika resto ya hoteli kubwa zinaweza kwisha kwa sahani moja. Sisi tunasema: mutoke nje. Kule Deira, karibu na soko ya zahabu, kuko resto ndogo ndogo ambamo wanakula Wahindi na Wapakistani wanaojenga magorofa, watu wa kazi kama sisi. Biriani ya kuku au ya mbuzi, sahani moja mara nyingi inashibisha watu wawili. Nyuma yake chai ya maziwa, ile wanaita karak, tamu sana. Wali munaweza kuula na mukono kama bukari, lakini mukono wa kuume peke yake. Kijiko mukiomba watawapa, haya hapana.

Muulize bei mbele ya kukaa, na kama taksi ya 5 kwa mia imekwisha kuingia. Pombe inauzwa tu mahali penye ruhusa, na bei yake, mama! Kuikunywa njiani ni makosa mbele ya sheria. Mwezi wa Ramadani, musikule barabarani muchana. Mungoje jua lizame. Hapo ndipo Deira nzima inakaa kula.