Jina la Pigo: Kutoka Urambo hadi Michezo ya Video

Makala hii yadai kwamba jina la pigo ni sehemu ya pigo lenyewe. Mtemi wa Urambo, Mtyela Kasanda (aliyefariki 1884), aliyedhibiti njia ya misafara magharibi ya Tabora, alijulikana kwa jina la vita: Mirambo, yaani maiti. Jina lilikuwa silaha. Vivyo hivyo, katika Street Fighter (1987), mchezo wa video wa Capcom ya Japani, mpiganaji hutamka "Hadoken", ngumi ya wimbi, arushapo pigo lake maalumu. Toleo la Kiingereza lililibadilisha jina hilo. Tangu Street Fighter II (1991) limebaki la Kijapani. Lakini Elena, mhusika Mkenya aliyeingizwa mwaka 1997, ana pigo liitwalo Rhino Horn. Kwa nini lisiitwe Pembe ya Kifaru?