Chumba cha Uyoga Chini ya Nyumba: Hewa, Umeme na Sheria

Wananchi wanaoishi Rubavu na maeneo yanayopakana na Goma wanafahamu vizuri jinsi ardhi ya kulima ilivyo adimu. Mahali pengi chini ya udongo pana jiwe la volkano, na kiwanja cha nyumba hakibakizi hata nafasi ya tuta moja la mboga. Ndiyo maana wapo walioanza kuvitazama kwa jicho jingine vyumba vilivyo chini ya nyumba za mteremkoni, ambavyo kwa kawaida hutumiwa kuwa stoo ya makaa na viazi. Chumba chenye ubaridi, giza na unyevu hakimfai mtu kulala, lakini uyoga hukipenda. Kuhusu vyumba hivyo huulizwa maswali mawili: je, polisi wanavikataza? Na je, vina hatari? Kwa swali la kwanza jibu letu ni hapana. Kwa la pili ni ndiyo, na hatari iliyo kubwa kuliko zote siyo ile inayozungumzwa na majirani.

Tuanze na hiyo inayozungumzwa. Chumba kilichozibwa kwa turubai, chenye taa inayowaka usiku na mlango unaofungwa kwa kufuli, huwafanya watu wanong'one kuwa humo mna bangi. Hatuwalaumu, maana bangi hupitishwa mpakani kwa njia za panya na wananchi ndio hutusaidia kuikamata. Nchini Rwanda bangi imewekwa katika kundi la dawa za kulevya kali sana, na anayeizalisha au kuiuza anaweza kuhukumiwa kifungo kinachofikia maisha, pamoja na faini ya mamilioni ya faranga. Kibali kilichoanza kutolewa mwaka 2021 kinahusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, katika maeneo maalumu yenye ulinzi na kwa leseni. Hakimhusu mwenye chumba nyumbani, hata akiwa na shina moja tu. Lakini uyoga hauhitaji taa kali za mchana na usiku, wala hautoi harufu ile. Ofisa anayejua kazi yake hutofautisha mambo haya kwa dakika chache, mradi afunguliwe mlango. Kwa hiyo mwenye chumba amjulishe kiongozi wa mudugudu kabla hajaanza, na amkaribishe aone. Naye jirani mwenye shaka aje kwetu. Asivunje mlango, wala asikusanye vijana wa kuuvunja.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Wakazi wa pande hizi wanalo jina lake la tangu zamani: mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Mabonde yake mabaya yanajulikana hasa magharibi mwa Goma kuelekea Sake na kando ya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Haina rangi, na mtu hawezi kuitegemea pua yake imwonye. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia mahali pa chini kama maji yanavyotulia kwenye sufuria. Usiku usio na upepo hujikusanya, na alfajiri ndipo huwa nyingi zaidi, kabla jua na upepo havijaitawanya. Mbuzi anayelala chini hufa, huku mtu aliyesimama karibu naye bado anapumua. Inapokuwa nyingi sana, mtu hupoteza fahamu kwa muda mfupi, pasipo nafasi ya kugeuka na kurudi ngazini.

Chumba cha chini ya nyumba ni sufuria ya namna hiyo. Tena uyoga wenyewe, tofauti na mboga za majani, hupumua kama sisi: huvuta oksijeni na kutoa gesi hiyohiyo. Mwenye kuongeza jiko la makaa ndani ili apashe chumba joto au achemshe majani ya kuoteshea, ameleta gesi nyingine, kaboni monoksaidi, ambayo nayo huua bila kunuka. Jiko likae nje, pasipo udhuru wowote.

Wazee hushusha mshumaa au taa ya mafuta kwanza. Ukizimika, ni kweli usiingie. Ila ukiendelea kuwaka usikuhakikishie usalama, kwa sababu gesi hudhuru mwili kabla haijafikia kiwango cha kuuzima moto, na kaboni monoksaidi haizimi mshumaa kabisa. Ushauri wetu ni mgumu kidogo kwa wenye nyumba: chumba kilichozama ardhini pande zote nne, juu ya mwamba wa volkano, kisitumiwe kwa kazi hii. Kifaacho ni kile ambacho upande wake mmoja uko wazi kwenye mteremko, mlango wake ukitoka nje moja kwa moja na kizingiti chake kikiwa usawa wa sakafu, ili gesi nzito iweze kutiririka kwenda nje. Asubuhi mlango uachwe wazi kwa muda kabla mtu hajaingia, na asiingie peke yake. Akianguka aliye ndani, mwenzake asimfuate, kwani katika ajali za gesi mwokoaji mara nyingi huwa maiti ya pili. Apige simu 112 na kufungua kila kinachofunguka akiwa nje.

Hapa ndipo tunapoona faida ya chumba kinachovunjika, yaani fremu inayosimama yenyewe ndani ya stoo bila kupigiliwa ukutani. Wapangaji huipenda kwa sababu huhama nayo na mwenye nyumba hana la kudai. Sisi tunaipenda kwa sababu nyingine. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko ilipasua ardhi na kuta huku na ng'ambo ya mpaka, na ufa wa sakafuni unaweza kuwa mlango wa gesi. Ufa uliofichwa nyuma ya mbao na nailoni hauonekani. Fremu ya mbao au mianzi ya mita 2 kwa 3, iliyoungwa kwa bolti na nati, hufunguliwa na watu wawili kwa muda mfupi. Isimamishwe umbali wa sentimita 30 hivi kutoka ukutani, na sakafu isizibwe kwa zulia la plastiki. Ivunjwe kila baada ya msimu wa mavuno, ioshwe, ianikwe juani ili kuua ukungu, na sakafu ikaguliwe. Ukitetemeka mtetemeko wa kuhisiwa, usingoje msimu.

Nailoni yenyewe ina sheria zake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, na kisingizio cha kilimo hakimwokoi anayekamatwa nayo mpakani. Ni nafuu kununua mifuko iliyokwisha pandwa mbegu, ile tunayoiita imigina, kwa mzalishaji anayetambuliwa nchini, kuliko kuvusha marobota kutoka ng'ambo.

Kuhusu umeme tuseme machache. Chumba hunyunyiziwa maji kila siku, kwa hiyo waya wa kuungaunga na soketi iliyolala sakafuni ni mauti. Taa moja ndogo iliyofunikwa yatosha, iwekwe juu, na swichi iwe nje ya chumba. Fundi aweke kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja. Anayepitisha waya kando ya mita ya Cash Power ili asilipe anatenda kosa la wizi, na ndiye huyohuyo ambaye nyumba yake huungua kwa kuwa hana kinga yoyote kwenye waya huo.

Jambo la mwisho linawahusu wanaovuna. Uyoga uliokomaa mno hutoa vumbi la mbegu, na anayelivuta kila siku hupata kikohozi cha muda mrefu. Uvunwe kabla kofia hazijakunjuka kabisa, na mvunaji avae barakoa. Watoto wasitumwe kuuchuma, kwa sababu ya vumbi hilo, na pia kwa sababu kimo chao kiko karibu zaidi na sakafu.