Dawa ya Deni ni Kulipa, na pa Kuanzia ni Mfukoni Mwetu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwongozo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, jeneza linapowekwa mbele ya safu, kabla ya takbira ya kwanza, husikika tangazo ambalo tumelizoea kiasi cha kutolisikiliza tena: mwenye kumdai marehemu aonane na familia yake, na mwenye uwezo wa kusamehe asamehe. Mara nyingi watu hunyamaza, swala ikaswaliwa na maiti ikachukuliwa. Lakini miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja wa jijini Dar es Salaam, tangazo hilo lilipotolewa waliinuka watu watatu. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la mtaani, aliyedai shilingi 160,000 za unga, sukari na mafuta. Wa pili alikuwa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa, aliyedai 300,000. Wa tatu alikuwa rafiki wa marehemu, naye alidai 300,000. Jumla ilikuwa shilingi 760,000. Mjane wa marehemu aliijua habari hiyo jioni ile kwa mara ya kwanza.

Akasimama kijana mkubwa wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka safu ya nyuma, "Deni la baba ni langu." Sisi tulikumbuka tukio alilolisimulia Salama bin al-Akwa' (R.A.) na kupokewa na Imamu Bukhari. Liliwekwa jeneza la mtu aliyekuwa akidaiwa dinari tatu na hakuacha kitu cha kulipia. Mtume (S.A.W.) akawaambia Masahaba wamswalie wenyewe. Ndipo Abu Qatada (R.A.) akalibeba deni lile, na Mtume akamswalia. Dinari tatu tu zilitosha kumfanya mbora wa viumbe asitangulie mbele ya jeneza. Baadaye Mwenyezi Mungu alipomfungulia riziki, Mtume mwenyewe akawa anawalipia madeni Waislamu waliokufa bila ya kuacha cha kulipia.

Siku chache baada ya maziko, kijana yule alikuja kwetu baada ya swala ya Alasiri. Marehemu hakuacha mali ila baiskeli na vyombo vya nyumbani, na sharia haimlazimishi mrithi kulipa zaidi ya mali aliyoiacha maiti. Tulimweleza hivyo. Akajibu, "Sheikh, nimeshasema mbele ya jeneza la baba. Naomba mnielekeze, nikakope wapi nilipe?"

Hapo ndipo tulipoiona hatari ya pili. Kukopa ili kulipa mkopo ni kuhamisha mzigo kutoka bega hili kwenda bega lile, na kama mkopo huo mpya una riba, mzigo huongezeka njiani. Tuchukue mfano wa mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameibandika jina la "kausha damu". Mtu akichukua shilingi 100,000 kwa ziada ya 20,000 kila mwezi, na akawa hana uwezo ila wa kuilipa hiyo ziada tu, baada ya miezi mitano atakuwa ametoa 100,000 na bado anadaiwa 100,000 ile ile. Haramu ya riba iliyotajwa katika Surat al-Baqara haiko mbali na maisha yetu. Ipo katika hesabu hii ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Basi tukamwambia: mwanangu, fedha ya kulipia deni unayo tayari, ila inapita mkononi mwako kila siku na huioni. Tuanze kwa kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni. Na Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), alipochomwa jambia mwaka wa 23 Hijria (644), alimwamuru mwanawe Abdullah alihesabu deni lake. Likapatikana kuwa ni kiasi cha 86,000, naye akaelekeza lilipwe kutoka katika mali gani, na isipotosha waombwe akina nani. Ikiwa Khalifa aliihesabu hesabu hiyo akiwa anatokwa na damu, sisi tulio wazima tuna udhuru gani?

Kijana akarudi baada ya wiki moja na daftari. Ukurasa mmoja ulikuwa wa madeni, na mwingine wa matumizi ya kila siku. Chini alikuwa ameandika mambo aliyokusudia kuyapunguza: maziwa ya watoto, nauli ya mama yake kwenda kliniki, na mboga ya usiku. Tulisoma tukanyamaza kidogo. Kisha tukamuuliza, "Na wewe mwenyewe, tangu asubuhi unapotoka mpaka jioni unaporudi, unatumia nini?" Hakuwa ameandika.

Ndugu zetu, hili ndilo jambo tulilolikusudia katika makala haya. Wengi wetu tukisikia neno "kubana matumizi" hukimbilia sufuria ya nyumbani. Baba hupunguza fedha ya meza asubuhi, kisha yeye akapita mgahawani. Huko si kubana matumizi. Ni kumbebesha asiyekopa mzigo wa aliyekopa. Masurufu ya mke na watoto nayo ni deni lililo shingoni mwa mume. Hind bint Utba (R.A.) alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ana mkono mzito, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa kadiri ya ada. Kwa hiyo haki ya tumbo la mtoto iko palepale hata baba akiwa na deni. Kinachopunguzwa ni ziada, na ziada huanza kutafutwa katika mfuko wa mwenye deni mwenyewe.

Tulihesabu pamoja naye. Chai na chapati za mgahawani zilikuwa shilingi 2,000 kwa siku; akinywa chai nyumbani pamoja na watoto wake, gharama ni kama 500. Hapo pakapatikana 1,500. Bodaboda ya jioni kutoka kituoni hadi nyumbani ilikuwa 1,000, na mwendo wenyewe ni wa dakika kumi na tano kwa miguu. Kifurushi cha simu cha kila siku kilikuwa 1,000, akaridhika na cha 500. Jumla ni shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi ni shilingi 75,000 kwa mwezi, na hakuna mtoto aliyepungukiwa na kitu.

Kisha akamshirikisha mkewe, na huu ndio mlango ambao marehemu baba yake hakuufungua. Mama wa nyumba anajua mambo ambayo sisi wanaume hatuyajui. Alisema kwamba mafuta ya kula yakinunuliwa kwa kipimo kidogo kila siku, na sukari kwa robo robo, mwisho wa mwezi huwa zimelipwa fedha nyingi kuliko dumu moja na mfuko mmoja. Alisema kwamba maharage yakirowekwa tangu usiku huiva upesi na mkaa ukabaki, na kwamba chungu kilichofunikwa hakili moto kama kilicho wazi. Katika umeme nako kuna hesabu yake: balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 10 hutumia sehemu sita za kumi za uniti, na balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo haifikii sehemu moja ya kumi. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima ni uniti kamili, hivyo nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Katika mambo haya madogo mama yule aliokoa shilingi 15,000 kwa mwezi. Bandu bandu huisha gogo.

Zikawa 90,000 kwa mwezi. Tukamshauri aziweke kila jioni mahali pamoja kabla hazijatafutiwa kazi nyingine, na aende mwenyewe kwa wadai kabla hawajamfuata. Yule wa dukani, alipoona daftari na nia, alisamehe 40,000. Tulimkumbuka Ka'b bin Malik (R.A.), aliyekuwa akimdai Ibn Abi Hadrad ndani ya msikiti hata sauti zao zikapanda. Mtume (S.A.W.) akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Ka'b apunguze nusu, naye akakubali, kisha akamwamuru mdaiwa ainuke akalipe. Mdai alilegeza, na mdaiwa akatakiwa atekeleze papo hapo. Nasi tunawakumbusha wadai aya ya 280 ya Surat al-Baqara, inayotaka mwenye dhiki apewe muda, na ikaeleza kwamba kusamehe ni bora zaidi.

Zilizobaki 720,000 zililipwa hivi: miezi minne kila mdai alipata 30,000, na deni la duka, lililokuwa 120,000, likaisha. Miezi minne iliyofuata wadai wawili waliobaki walipata 45,000 kila mmoja. Miezi minane tu, bila ya mkopo mpya wala riba. Na tangu mwezi wa kwanza nyumba ile ilinunua dukani kwa fedha taslimu, kwa sababu daftari la mkopo humfanya mtu asiione bei.

Haikuwa rahisi. Mwezi wa tatu ilikuja kadi ya mchango wa harusi ya jamaa, na sare ya kitambaa juu yake. Wahenga walituambia kwamba kukopa harusi kulipa matanga, lakini ni wangapi wenye ujasiri wa kusema, "Mwezi huu nina deni, nitakuja kwa dua na kwa mikono yangu kusaidia kupika"? Kijana yule alisema. Wapo walionuna. Tunawaomba Waislamu wenzetu wasimuaibishe mtu kwa neno hilo, kwani deni ni wajibu na mchango wa harusi ni hiari. Hata sadaka ya sunna haitangulizwi mbele ya haki ya mdai aliyekwisha kudai chake. Hali ni hiyo hiyo katika mwezi wa Ramadhani, ambapo mwezi wa kufunga umekuwa katika nyumba nyingi mwezi wa matumizi makubwa kuliko yote.

Hatusemi kwamba kukopa ni aibu. Mtume (S.A.W.) alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa pishi thelathini za shayiri, na Imamu Bukhari amepokea kwamba mwenye kuchukua mali za watu akiwa na nia ya kulipa, Mwenyezi Mungu humsaidia kulipa. Lakini Mtume huyo huyo alikuwa akiomba katika swala yake akingwe na deni, na alipoulizwa sababu akaeleza kwamba mtu akidaiwa husema uongo, na akiahidi hatimizi. Deni huanza kwenye mfuko likaishia kwenye ulimi. Wala hatuhimizi ubahili. Surat al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wakitumia hawavuki mpaka wala hawafanyi uchoyo, bali huwa katikati. Katikati hapo ndipo penye maziwa ya mtoto na deni lililolipwa kwa pamoja.

Ndugu msomaji, usiku wa leo, baada ya Isha, chukua karatasi. Andika unadaiwa na nani na kiasi gani, na umwoneshe mwenzako wa nyumbani, asije akayasikia kwa wengine siku ambayo wewe huwezi tena kueleza. Kisha andika ulichotumia leo tangu ulipotoka mlangoni, ukianza na nafsi yako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutoshelezee kwa halali yake, atuepushe na mzigo wa madeni na kushindwa na watu, awarehemu waliotutangulia na madeni shingoni, na awajaalie watoto wao wepesi wa kuyalipa. Amin.

Wabillahi tawfiq.