Ukinakili Msimbo, Chukua na Historia Yake

Mwanafunzi wa kompyuta anayetaka kuusoma msimbo wa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, ana njia mbili za kuufikisha kwenye kompyuta yake. Ya kwanza ni kubonyeza kitufe cha kupakua faili la zip katika GitHub, tovuti ambako msimbo huo umehifadhiwa. Ya pili ni kufungua terminali na kuandika:

git clone https://github.com/openmrs/openmrs-core.git

Wengi huchagua ya kwanza kwa sababu ndiyo waliyoizoea. Kila anayeniuliza namwambia aachane nayo. Zip itampa mafaili kama yalivyo leo, basi. Hatajua mstari fulani uliandikwa na nani, lini na kwa sababu gani; na wenzake wakirekebisha jambo kesho, itabidi apakue kila kitu upya. Ni kama mwanachama wa ushirika aliyepewa ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu, akaambiwa chama chote kimo humo.

Amri ya git clone, ya programu ya Git inayotunza historia ya msimbo, hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Huunda folda mpya, na ndani yake folda iliyofichika iitwayo .git. Humo huingia kila badiliko lililorekodiwa tangu mradi uingie katika Git, pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Baada ya hapo ndipo mafaili ya toleo la karibuni hutolewa na kupangwa uyaone. Git huandika pia anwani ulikotoa nakala na kuipa jina origin, hivyo siku nyingine ukiandika git pull utaletewa yaliyo mapya peke yake.

Mpango huu ulikusudiwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitengeneza Git Aprili 2005, baada ya wenzake kuondolewa leseni ya bure ya BitKeeper, programu waliyoitegemea kutunza historia ya msimbo wao. Mifumo ya zamani kama CVS iliweka historia kwenye seva moja, na asiye na mtandao hakuweza hata kuangalia kilichobadilishwa jana. Torvalds alitaka kila mwenye nakala awe na kila kitu.

Faida yake ilidhihirika Agosti 2011, ilipogunduliwa kwamba wavamizi wameingia katika seva za kernel.org, makao ya msimbo wa Linux. Je, kama walipenyeza mistari yao humo? Hofu hiyo ilipata jibu mapema. Kila badiliko katika Git hupewa alama ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Ukigusa herufi moja katika faili la zamani, alama zote zinazofuata hubadilika. Maelfu ya watu walikuwa na nakala zao duniani kote, na udanganyifu wowote ungeonekana mara wanapozilinganisha. Tovuti ilibaki imefungwa kwa wiki kadhaa. Torvalds alihamia GitHub kwa muda na kazi ikaendelea.

Kwetu huku tulionja jambo linalokaribiana na hilo Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwa majirani. Mwenye nakala kamili aliweza kusoma historia, kulinganisha matoleo, kufungua tawi jipya na kurekodi mabadiliko yake bila mtandao wowote. Kilichomshinda ni kuyatuma tu, na hilo linaweza kusubiri.

Tatizo ni bando. Historia kamili ya Linux hula gigabaiti kadhaa, na git clone ina kasoro inayokera: mtandao ukikatika katikati, inafuta ilichokwisha kuleta na utaanza moja. Kwa mradi mkubwa, anza na git clone --depth 1, itakayokuletea toleo la mwisho la tawi moja tu. Kisha ongeza historia kidogo kidogo kwa git fetch --deepen=100; kila awamu iliyokamilika hubaki nawe. Kama mko darasa zima, msipakue kila mtu peke yake. Mmoja apakue, atumie git bundle kuifunga hifadhi yote, yaani msimbo pamoja na historia yake, katika faili moja, na wengine walichukue kwa flashi. Git hunakili kutoka kwenye faili hilo kama inavyonakili kutoka kwenye seva.

Usitarajie kila kitu, hata hivyo. Mijadala na ripoti za hitilafu unazoziona GitHub haziji na nakala, kwa kuwa zimo katika hifadhidata ya GitHub, si katika Git.

Yapo pia yanayokuja ambayo mwenyewe hakutaka yaje. Mtengenezaji programu huandika nywila ya hifadhidata ndani ya faili, anairekodi, anashtuka, anaifuta na kurekodi tena. Kwenye skrini haipo. Lakini badiliko la kwanza bado limo ndani ya .git, na kila anayenakili hifadhi hiyo hupewa nywila bila kuiomba. Amri ya git log -p humwonyesha mstari ulioongezwa na mstari uliofutwa. Zipo zana za kuandika upya historia, ila haziwezi kuzifikia nakala zilizokwisha kusambaa kwa watu. Kwa hiyo, kama nywila yako iliwahi kuingia kwenye hifadhi ya pamoja, hata kwa dakika 5, usihangaike kuificha. Ibadilishe leo.