Mbio za Gari la Dukani

Kila Safari Rally inapofika Naivasha, vijana wa garaji za Himbi, mtaa wa mji wetu wa Goma, hubanana kwenye skrini ya simu moja, na swali lao huwa lile lile: hiyo Yaris inayoruka vumbini ni ndugu wa Vitz tuliyoipandisha kwenye jeki? Kwa upande wa duka, ndiyo. Vitz ni jina ambalo Toyota ililitumia Japani kwa gari lililouzwa Ulaya likiitwa Yaris. Kwa upande wa mashindano, udugu umebaki kwenye sura tu. Tangu 2022 magari ya daraja la juu duniani, yaani Rally1, yanaruhusiwa kujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, kisha yanavikwa bodi inayofanana na ile ya dukani. Kuanzia 2021 hadi 2025 Toyota ilishinda Safari mara zote 5. Ni kazi kubwa ya uhandisi na naiheshimu, lakini fundi wa Goma hapati humo habari nyingi kuhusu gari la mteja wake.

Ipo aina nyingine ya mbio ambayo ingempa habari hizo. Gari linaloshindanishwa ni lile lile linalouzwa kwa raia, likiwa na injini yake, gia zake na mwili wake uliotoka kiwandani. Kinachoruhusiwa kuongezwa au kubadilishwa ni kidogo: vyuma vya kumkinga dereva gari likipinduka, kiti na mikanda ya mbio, kizima moto, pedi za breki, shokamzoba na springi, tairi. Australia ina ubingwa wa kitaifa wa magari ya namna hii tangu 1987, na tangu 2016 hufanyika pia mbio za saa 6 mjini Bathurst wakati wa Pasaka, kwenye mzunguko wa kilomita 6.213 unaopanda na kushuka mlima. Wengi husikia hayo wakadhani ni anasa ya nchi tajiri zenye barabara laini. Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa katika eneo letu zaidi ya miaka 30 kabla ya ubingwa huo kuanzishwa.

Kuelekea mwaka 1953 Eric Cecil na binamu yake Neil Vincent, walowezi wa Kenya, walitafuta namna ya kushindanisha magari bila kuzunguka uwanjani. Vincent hakuona raha yoyote katika kupita pale pale mara kwa mara. Badala yake ikachorwa njia kubwa iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mashindano yakaitwa Coronation Safari, kwa kuwa malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa anatawazwa tarehe 2 Juni mwaka huo. Lazima tuseme wazi sherehe ile ilikuwa ya nani. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, maelfu ya watu walikuwa kizuizini, na barabara zilizoshangiliwa zilikuwa zimechimbwa kwa jasho la watu wasioalikwa. Haya hayaondoki. Hata hivyo kanuni waliyoiandika ni nzuri kuliko dhamira ya sherehe, na hiyo kanuni ndiyo ninayoitetea hapa.

Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei. Hesabu haikuwa ya ukubwa wa injini wala nguvu zake. Ilikuwa ya fedha ambazo mnunuzi angezitoa mfukoni. Mwaka ule hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla, kwa sababu gari la bei ndogo halikuwekwa kwenye mizani moja na la bei kubwa. Volkswagen iliyoendeshwa na Alan Dix ndiyo iliyofanya vizuri kuliko zote, na tangu hapo kijigari kile chenye mgongo wa mviringo kikajijengea jina Afrika Mashariki. Kilishinda tena 1954, 1957 na 1962.

Kwa nini bei? Mhandisi hupenda kugawa madaraja kwa ujazo wa silinda, maana unapimika maabara na haubishaniwi. Lakini mtu anayeingia sokoni haingii na sentimita za ujazo. Anaingia na dola zake, na anachotaka kujua ni hiki: kwa fedha hizi, gari lipi litanifikisha? Daraja la bei hujibu swali lake moja kwa moja. Waaustralia nao walilitumia wazo hilo hilo 1963, mbio zao za maili 500 zilipohamia Bathurst: madaraja manne, yote kwa bei ya ununuzi. Tazama pia jinsi majibu yalivyokutana. Mwaka 1964 Ford Cortina GT ya Peter Hughes ilishinda Safari kwenye matope na mawe, na mwaka huo huo Cortina GT ndiyo iliyotangulia kumaliza kule Bathurst, juu ya lami. Mnunuzi wa Kampala na mnunuzi wa Sydney walipewa ushahidi mmoja kuhusu gari moja. Sijui tangazo lolote la biashara linaloweza kushindana na ushahidi wa aina hiyo.

Hapo ndipo viwanda vilipoanza ujanja. Kama sheria inadai gari la dukani, mtengenezaji mwenye njaa ya ushindi hujenga gari la mbio, kisha analipeleka dukani. Ford ya Australia ilifanya hivyo 1965 kwa Cortina GT500, toleo lililotengenezwa kwa idadi ndogo tu na lenye matundu mawili ya kujazia mafuta, ili muda wa kusimama upungue. Hakuna mama wa nyumbani aliyehitaji tundu la pili la petroli. Dawa iliyopatikana ni homologesheni: shirikisho la kimataifa, FIA, halilitambui gari kwa mashindano mpaka kiwanda kithibitishe kuwa kimetengeneza idadi fulani. Kwa Kundi A, mojawapo ya makundi yake ya magari, lililoanza 1982, idadi ilikuwa 5,000 ndani ya miezi 12, baadaye ikashushwa hadi 2,500. Kundi B lilidai magari 200 tu, na kwa 200 unaweza kujenga karibu chochote unachokiota. Yalijengwa magari ambayo binadamu hakuyamudu. Baada ya watazamaji kuuawa Ureno, na dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto kufa Corsica, yote mwaka 1986, Kundi B likafutwa. Mwaka uliofuata Safari ilishindwa na Hannu Mikkola akiendesha Audi 200, gari refu la kifamilia. Kwangu mimi huo ni ushindi unaofaa kukumbukwa kuliko mingi iliyopambwa.

Chini ya Kundi A palikuwa na Kundi N, ambalo ndilo hasa gari la dukani. Madaraja yake yalikwenda kwa ujazo: hadi sisi 1,400, hadi 1,600, hadi 2,000, na zaidi ya hapo. Injini yenye turbo ilihesabiwa ujazo wake mara 1.7. Kwa hiyo Mitsubishi Lancer Evolution yenye sisi 1,997 iliandikwa kama 3,395 na kupelekwa daraja la juu kabisa, N4. Msomaji wa Goma ana sababu ya kulielewa jambo hili haraka. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Gari lililokuwa na nguvu za farasi 100 bandarini Dar es Salaam linafika Himbi likiwa na 85 au pungufu kidogo. Turbo huisukuma hewa ndani, hivyo hurudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya Evolution na Subaru Impreza zitawale mashindano ya taifa ya Kenya, Uganda na Rwanda kwa miaka mingi. Milima yetu ilizipa faida ambayo kizidishi cha 1.7 hakikuihesabu.

Sasa msimu unavyohesabiwa. Ubingwa una raundi kadhaa, na katika kila raundi wote hushindana siku moja, ila kila daraja lina mshindi wake. Pointi zikitolewa kwa daraja, dereva wa gari dogo anayeshinda daraja lake kila raundi anaweza kumaliza mwaka akiwa juu ya mwenye gari kubwa anayeshinda leo na kuvunja gia kesho. Katika mbio ndefu kama zile za saa 6 jambo hili huonekana kwa macho. Gari zito lenye kasi hubeba nishati nyingi ya kusimamishwa, maana nishati hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: ukiongeza mwendo mara mbili, breki zina kazi mara nne. Pedi huisha, mafuta ya breki huchemka, tairi huliwa, petroli hukauka. Gari jepesi hupitwa na kupitwa tena, lakini halisimami mara nyingi. Yeyote aliyeshuka milima ya Masisi na gari lenye shehena anajua kanyagio la breki linapolegea mguuni maana yake nini.

Kwenye Safari ya zamani hesabu ilikuwa kali kuliko hiyo, kwani barabara yenyewe ilikuwa mwamuzi. Ulipewa muda wa kufika kituo, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa adhabu. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda kwa Peugeot 404. Kati ya hapo, 1966 na 1967, Bert Shankland wa Tanganyika ya zamani alishinda mara mbili kwa 404 hiyo hiyo. Ukijumlisha, 404 ilishinda mara 4 katika miaka 6. Familia ngapi za ukanda huu zilisafiri miaka iliyofuata katika Peugeot za abiria, zimejaa watu na magunia? Umaarufu wa gari hilo haukutoka hewani.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni kabla ya kumfikia. Alikuwa fundi, na fundi hununua gari kwa kulisikiliza. Mwaka 1993 Patrick Njiru alifikisha Subaru Vivio mwisho wa Safari, nafasi ya 12, akishinda daraja lake. Vivio ina sisi 660 tu, ndogo kuliko pikipiki nyingine kubwa. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alikuwa na Vivio mwaka ule na hakumaliza. Mwaka 1994 Njiru akarudi na Impreza ya Kundi N na kushika nafasi ya 4 kwa jumla, nyuma ya magari matatu tu.

Ningependa kuona kanda yetu ikiirudisha kanuni ya bei. Rwanda, hatua chache kutoka Goma, ina Mountain Gorilla Rally. Uganda ina Pearl of Africa. Kenya ina msimu wa taifa uliojaa raundi. Kote huko gharama ya kuingia imepanda hadi vijana wenye vipaji wanabaki kuwa watazamaji. Daraja moja la magari yaliyotumika, lenye kikomo cha bei kilichoandikwa na kulindwa, lingebadilisha hali hiyo. Starlet, Corolla, Vitz, zote na tairi za kawaida. Kinga ya dereva isihesabiwe katika bei, ili asiwepo wa kubana fedha kwenye mikanda.

Kazi ngumu itakuwa ukaguzi, na ni kazi ya mafundi. Injini hufungwa kwa waya na risasi yenye alama kabla ya raundi ya kwanza. Risasi ikikatwa bila ruhusa, pointi zinafutwa. Gari la mshindi hufunguliwa mbele ya wote baada ya mbio, kamshafti ikapimwa, uzito ukasomwa kwenye mizani. Kwa bei kuna njia rahisi zaidi, iliyokwisha kutumika katika mbio za bei nafuu kwingineko duniani: mshindani yeyote ana haki ya kulinunua gari la mshindi kwa bei ya kikomo, palepale. Aliyetumia dola 10,000 kwa siri kwenye gari la daraja la dola 4,000 atalazimika kuliuza kwa 4,000.